AKILI MNEMBA KATIKA USHIRIKA: MASHINE INAMTAZAMA NANI?

Kiongozi wa chama au shirika anapoletewa habari za akili mnemba, kwa kawaida huuliza maswali ya fundi: mashine ni ya aina gani, bei yake ni kiasi gani, itafungwa lini. Maswali hayo ni ya haki, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni la siasa, nalo ni hili: mashine hiyo itamtazama nani, na huyo anayetazamwa atakuwa na uwezo gani wa kuibishia? Makala haya yanajaribu kulieleza swali hilo kwa kutumia mfano wa vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja mpaka Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Wakulima wake huuza kahawa kwa kupitia vyama vya msingi, ambavyo chama chao kikuu ni KDCU. Kahawa yenyewe, ambayo sehemu kubwa ni robusta, haitoki katika mashamba makubwa ya mabepari. Inalimwa kibanjani na watu wa nyumba moja, chini ya migomba, pamoja na maharage na miti ya kivuli. Mpakani kuna mto Kagera, na ng'ambo yake ni Uganda na Rwanda. Kwa hiyo mkulima wa Murongo au Kaisho ana soko halali la ushirika mbele ya nyumba na soko la magendo nyuma yake, na kila kosa la ushirika, hata la kuchelewesha malipo kwa wiki mbili, humsukuma kuelekea mlango wa nyuma.

Mkulima huyu amekwisha ingia katika mambo ya kidijitali, tupende tusipende. Tangu mwaka 2022 amesajiliwa ili apate mbolea ya ruzuku. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, imevitaka vyama viendeshe shughuli zake katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU. Mikoa ya kusini imeona korosho na ufuta vikiuzwa kwa mnada wa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Kinachokuja sasa juu ya mifumo hiyo ni programu zinazokisia na kuamua.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta ya kawaida huamriwa hatua kwa hatua: zidisha kilo kwa bei, toa makato, andika malipo. Aliyeziandika amri hizo anaweza kueleza kila hatua. Programu ya akili mnemba ni ya namna nyingine. Haiandikiwi kanuni, inaonyeshwa mifano. Ikionyeshwa maelfu ya picha za majani ya mihogo, kila picha ikiwa imeandikwa na mtaalamu kwamba hili ni zima na hili ni gonjwa, hurekebisha hesabu zake za ndani mpaka iweze kukisia habari za jani ambalo haijapata kuliona. Kwa jambo hilo haina tofauti kubwa na mzee wa kibanjani anayeng'ata punje ya kahawa na kusema kwamba bado haijakauka. Ukimwuliza kanuni, hana. Ana mifano ya miaka arobaini. Tofauti ni kwamba mzee huyo tunamfahamu, na akikosea tunaweza kumwita barazani.

Mfano wa majani ya mihogo si wa kubuni. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), hutumia kamera ya simu kutambua magonjwa ya mihogo, hufanya kazi bila intaneti, na huzungumza Kiswahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima pamoja na watu. Ikitazama jani moja, Nuru ilipata kwa asilimia 65. Mabwana shamba walipata kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima kwa asilimia 18 hadi 31. Ikitazama majani sita ya mmea ule ule, ilipanda mpaka kati ya asilimia 74 na 88. Takwimu hizi zinawajibu watu wa pande mbili. Anayesema kwamba mashine hizi ni ulaghai mtupu wa mabeberu ajibiwe kwamba hapa mashine ilimshinda mtaalamu wetu. Na anayesema kwamba mashine haikosei akumbushwe kwamba katika majani matatu, moja ilikosea, na kwamba ilikuwa bora zaidi pale binadamu alipokuwa na subira ya kuionyesha majani sita.

Tuendelee na historia, kwa sababu nchi yetu imekwisha pata somo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikusudiwa kurahisisha mahesabu na mishahara. Baada ya miaka michache mahesabu yaliyokusudiwa kurahisishwa yakavurugika, mafundi wageni waliojua siri ya mashine walikuwa wachache na walikuwa wanaondoka, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Wako wanaoitaja hadi leo kama kichekesho, kana kwamba wazee wetu waliogopa mashine. Huo ni uchambuzi wa juu juu. Kilichoshindwa katika Wizara ya Fedha ni uongozi: mashine ilipewa kazi ambayo utaratibu wake wenyewe haukuwa umenyooka, na ujuzi wa kuiendesha haukuwa mikononi mwa Watanzania. Kuipiga marufuku kulizuia hasara ya fedha za kigeni, lakini hakukujenga ujuzi huo. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha onya mwaka 1967 dhidi ya kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likieleza kwamba fedha ni tokeo la juhudi na maarifa ya watu. Onyo hilo linaihusu kompyuta kama linavyoihusu fedha.

Somo la pili linatoka ndani ya ushirika wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mazao yakakabidhiwa kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sababu zilikuwepo: wizi, urasimu na gharama kubwa katika vyama hivyo. Hata hivyo mwanachama hakuulizwa, na mageuzi yaliyokusudiwa kumwokoa yalimwondolea chombo chake cha kusemea. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kiongozi anayetaka leo kuleta mfumo mpya kwa barua kutoka juu, hata ukiwa mfumo mzuri, ayakumbuke mambo hayo.

Sasa tuje kwenye jambo linalomuumiza mkulima wa Kagera kuliko yote, nalo ni butura. Kwa wasiolijua neno hili: mlanguzi humlipa mkulima fedha wakati kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei anayoipanga mlanguzi mwenyewe, na wakati wa mavuno huja kuchukua mali yake. Serikali imeipiga vita butura mara nyingi, na mara nyingi imerudi. Haifi kwa sababu mahitaji yanayoizaa hayafi. Karo na sare za shule zinadaiwa Januari. Mavuno ya robusta huanza karibu na Mei. Katika miezi hiyo minne mkulima ana mali mtini lakini hana fedha mfukoni, na anayeijua mali hiyo vizuri kuliko wote ni mlanguzi. Amepita kibanjani, amehesabu mibuni, anajua ni nyumba gani yenye mgonjwa na ni mtoto wa nani aliyefaulu kwenda sekondari.

Hapa ndipo mashine inapoingia, na inaweza kuingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza umekwisha funguliwa na makampuni ya simu. Mwaka 2014 zilianzishwa nchini huduma za mikopo kwa simu: M-Pawa ya Vodacom pamoja na benki ya CBA, na Timiza ya Airtel pamoja na kampuni ya Jumo. Mkopaji hapimwi kwa kibanja chake wala kwa kahawa aliyoipeleka chamani. Anapimwa kwa mwenendo wake wa kutumia simu na fedha za simu, kwa hesabu zinazofanywa na programu katika dakika chache. Mkopo ni mdogo, muda ni mfupi. Kwa mchuuzi wa Omurushaka ambaye fedha humzungukia kila siku, huduma hiyo ina manufaa yake. Mkulima wa kahawa, ambaye fedha zake huja kwa msimu, machoni pa mashine ya namna hiyo ni mtu asiye na kitu, hata kama ana gunia kumi mtini. Mashine haikumdhulumu kwa chuki. Haikuonyeshwa kahawa yake.

Mlango wa pili ni wa ushirika, nao mpaka sasa haujafunguliwa vya kutosha. Chama cha msingi kina rekodi ambazo kampuni ya simu haina: fulani alileta kilo ngapi msimu uliopita, na msimu wa kabla ya huo, na ule wa ukame. Rekodi hizo zikiwa kamili kwa miaka kadhaa, programu ya kawaida kabisa inaweza kukisia mavuno ya kila nyumba kwa usahihi unaotosha kutoa malipo ya awali mwezi Januari, na benki ikaweza kuyakubali makisio hayo kama dhamana ya mkopo wa chama. Tangu Aprili 2025, Benki ya Ushirika ilipozinduliwa Dodoma, chama cha msingi kina hata benki ya wanaushirika ya kubishia hodi. Hiyo ndiyo silaha ya kiuchumi dhidi ya butura. Amri peke yake si silaha.

Lakini kisio hilo hilo likivuja, linakuwa orodha bora kuliko zote ambazo mlanguzi amepata kuwa nazo. Orodha ya nyumba zitakazovuna sana na ambazo sasa hazina fedha ni dhamana ikiwa mezani pa chama. Ikiwa mfukoni mwa mlanguzi ni ramani ya mawindo. Programu ni moja, takwimu ni zile zile, hesabu hazikubadilika. Kilichobadilika ni tabaka linaloishika. Makada wanaofundishwa kwamba zana ya kazi haitenganishwi na mahusiano ya uzalishaji mali wasitafute mfano wa mbali, huu hapa.

Mfano wa pili unahusu ramani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni Na. 2023/1115 inayozuia kahawa na mazao mengine kuingia katika soko lake ikiwa yamelimwa katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake uliahirishwa mwaka 2024 na tena mwaka 2025, lakini haukufutwa, na wanunuzi wamekwisha anza kudai. Wanachodai ni mahali hasa kahawa ilipolimwa. Kwa shamba lisilozidi hekta nne inatosha alama moja ya ramani. Na kibanja cha Karagwe kwa kawaida hakifiki hata robo ya hekta hizo. Alama hiyo hulinganishwa na picha za setilaiti, ambazo zimesomwa na programu zilizofundishwa kutofautisha msitu na shamba.

Tujiulize kibanja kinaonekanaje kutoka angani. Majani ya migomba yamefunika mibuni, na juu ya migomba kuna miti ya kivuli ambayo babu aliipanda. Programu iliyofundishwa kwa mifano ya mashamba ya nchi nyingine, yenye mibuni iliyopangwa kwa mistari juani, inaweza kuona hapo msitu. Mwaka mmoja mkulima akipunguza miti ili migomba mipya ipate jua, programu hiyo hiyo yaweza kuona msitu uliokatwa. Kilimo ambacho wataalamu wanakisifu kwa kuhifadhi ardhi kinaweza kuadhibiwa kwa sababu hakifanani na picha zilizomo katika kumbukumbu ya mashine. Tukumbuke pia kwamba hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilitangazwa mwaka 2019, kwa hiyo kuna vibanja vinavyopakana na msitu wa kweli. Hapo alama iliyokosewa kwa mita mia chache si jambo dogo.

Na alama huwekwa na nani? Huwekwa na kijana mwenye simu, aliyepewa idadi ya kusajili kwa siku. Jua ni kali, vibanja viko mlimani, na wakulima wamekwisha kusanyika penye ofisi ya chama. Kishawishi cha kuweka alama zote pale pale ofisini, au barabarani kando ya nyumba, ni kikubwa. Hakuna akili mnemba ya Ulaya wala ya Marekani itakayorekebisha kosa hilo. Wiki tatu baadaye makao makuu ya mnunuzi yataona wakulima mia mbili wanaolima kahawa juu ya paa moja la bati. Atakayepoteza soko si kijana huyo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali letu. Programu hizi zina macho, na macho hayo yanaweza kuelekezwa chini au juu. Tabia ya urasimu ni kuyaelekeza chini: nani ameuza kahawa ng'ambo ya mto, nani hakuleta kilo alizokisiwa, nani hafai kukopeshwa. Ni nadra kumsikia meneja akiomba programu ya kutazama mizani yake mwenyewe. Lakini kazi hiyo programu inaiweza sana. Uzito halisi wa magunia ya wakulima hauishii kila mara kwenye kilo kamili. Rekodi za karani mmoja zikionyesha kilo kamili msimu mzima, gramu za watu zimekwenda mahali. Unyevu ukiandikwa ule ule kwa kila mzigo, kifaa hakikutumika. Makato ya chama kimoja yakizidi ya majirani wake wenye masafa yale yale ya usafiri, kuna swali la kuuliza. Mkaguzi wa COASCO hawezi kusoma stakabadhi zote za vyama vyote kwa macho yake, lakini anaweza kupewa orodha ya mia moja zinazotia shaka. Orodha hiyo si hukumu. Ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Kiongozi anayetaka kujua kama mabadiliko ya kidijitali katika chama chake ni ya wanachama au ya wakubwa, apime kwa kipimo hicho: macho ya mashine yameelekea wapi kwanza?

Yapo pia mambo ya sheria ambayo makada hawana budi kuyajua na kuyafundisha, kwa kuwa wanachama wengi hawajaambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa vipi na kudai makosa yasahihishwe. Aidha, inamruhusu kukataa uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Haki hiyo ikibaki katika kitabu cha sheria, ni pambo. Ili iwe haki ya kweli kwa mama wa Nyaishozi, lazima awepo mtu katika chama, mwenye jina na siku ya kukaa ofisini, ambaye akiambiwa "mashine yenu imekosea kilo zangu" ana uwezo wa kufungua rekodi, kuilinganisha na stakabadhi, na kuirekebisha. Kama jibu la karani ni kwamba mfumo umekataa, basi pale hakuna uongozi. Pana mtumishi wa mashine.

Suala la elimu linazungumzwa sana, nasi hatulirefushi, ila kwa jambo moja. Semina nyingi hufundisha makarani kubonyeza. Ni vyema, lakini wajumbe wa bodi, ambao wengine ni wazee wasiopenda simu za kugusa, huachwa nje kwa kisingizio kwamba mambo haya ni ya vijana. Matokeo yake ni bodi inayotia sahihi isichokijua, na kijana mmoja mwenye nywila kuwa na madaraka kuliko mwenyekiti. Mjumbe wa bodi hahitaji kujua programu inavyoandikwa. Anahitaji kujua kuuliza: ilifundishwa kwa mifano ya wapi, imejaribiwa kwa vibanja vyetu vingapi, ilikosea mara ngapi, na walioumizwa na makosa hayo ni akina nani. Mzee aliyekulia kibanjani anaweza kuuliza maswali hayo vizuri kuliko mhitimu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba mti ule si msitu.

Kuhusu umiliki, hali ni ya hatari zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Chama kinaweza kupewa mfumo bure na mfadhili au mnunuzi. Wakulima wakasajiliwa, vibanja vikapimwa, rekodi za misimu mitano zikaingizwa. Mradi ukaisha. Rekodi ziko katika kompyuta iliyo nchi nyingine, katika muundo ambao programu nyingine haiwezi kuusoma, na mkataba haukusema lolote. Chama kilichoingia na daftari kinatoka bila hata daftari. Tofauti ya jambo hili na siri ya mafundi wa mwaka 1965 ni ndogo sana.

Kwa sababu hiyo, kabla chama cha msingi hakijakubali mfumo wowote wenye kukisia au kuamua, mkutano mkuu upelekewe mambo ya mkataba kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kinyambo: rekodi ni mali ya nani, nani mwingine ataziona, mlanguzi au mnunuzi akizitaka atajibiwa nini, mfumo utamtazama karani kama unavyomtazama mkulima, na siku ya kuachana rekodi zote zitarudishwa kwa muundo gani na kwa muda wa siku ngapi. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala ibandikwe ukutani karibu na mizani, mahali ambapo kila anayeleta kahawa husimama akingoja zamu yake.